Upande wa Ndani

Sonara wa Nizwa huuza fedha kwa uzani
na maneno kwa herufi, baisa mia tatu kila moja.
Nikahesabu vidoleni: K, I, F, A, F, A.
Riyali moja na mia nane.
Maradhi yangu ni rahisi kuliko jina la baba yangu.

Wiki moja kabla, Seeb, kijana wa dukani
alinivisha mkononi mpira mweusi
wenye kijimraba cha madoadoa, kama kunguni waliopangwa foleni.
"Mtu akikielekezea simu, yote yanafunguka:
dawa, daktari, kundi la damu, namba ya kaka yako.
Ukibadilishiwa dozi, unairekebisha umelala kitandani.
Na asiyejua ataona pambo tu."
Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini,
kama anayenipa nyongeza.

Shangazi Shinuna alilipenda hilo la mwisho.
"Fedha haina siri," alisema, akitoa kokwa za tende.
"Unakwenda harusini, unanyoosha mkono kupokea kahawa,
na nusu ya Ibra imeshasoma."
Mficha maradhi... methali anaijua,
ila huwasomea watoto wa wenzake.

Sikumjibu.
Nilikuwa nawaza kituo cha mafuta cha Izki,
mwezi wa saba, saa nane mchana,
lami inang'ang'ania viatu.
Kuanguka sikukumbuki; hakuna akumbukaye.
Nakumbuka harufu ya petroli, ulimi una chumvi,
chini ya kichwa changu shati la kazi lililokunjwa vizuri,
na mwanamume wa Bangladeshi amebaki na fulana
ananikingia jua kwa kipande cha boksi.
Shafikul. Simu yake ya vibonye, kioo kina ufa.
Kiarabu chake ni cha lita na chenji; kukisoma, hapana.
Haya, niambieni, watu wa mraba na watu wa nakshi:
yeye angesoma nini?

Tunabishana kana kwamba atakayenikuta
ni daktari aliyepotea njia.
Atakayenikuta ni mfagiaji.
Ni dereva wa lori la maji, ni mpishi
anayevuta sigara nyuma ya mkahawa.

Nikarudi Izki. Nikajaza tangi ambalo halikuwa tupu.
Nikampa risiti na kalamu: niandikie, kwa mwandiko wa kwenu,
*Nilaze ubavu. Usinitie kitu kinywani. Ngoja.*
Aliandika polepole, akafuta neno moja, akacheka,
akasema mara ya mwisho kuandika kwa mkono
ilikuwa barua kwa mama yake, na mama hayupo tena.
Herufi zilining'inia chini ya mstari
kama nguo kwenye kamba.

Sonara aliigeuza risiti juu chini.
"Haya si maandishi, ni maua."
Basi chonga maua, nikamwambia, ila usikosee jani.

Ule mraba sikuutupa. Umo kwenye ufunguo wa gari.
Dozi ilibadilika mwezi wa tatu; wenyewe bado haujui,
kila jioni najiambia kesho.

Na kwa ndani, panapogusa mshipa,
pasipofikiwa na macho ya mmimina kahawa,
niliomba maneno mengine. Maana nikirudi
Kiarabu huwa kimeniacha, na Kiingereza ninachofundisha,
na jina langu pia. Kwa dakika kumi hivi
nina Kiswahili tu, kile cha mama akiniogesha,
na hofu.
"Lugha gani hii?" akauliza sonara, miwani puani.
Ya nyumbani, nikasema.

*Zayana. Umeanguka. Imepita.*

Herufi ishirini na mbili.
Riyali sita na mia sita. Sikuomba kupunguziwa.